Tunahamia kijijini Herefordshire, wenye uzoefu wa vijiji vya England naombeni mwanga

BabaNeema

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya wale mnaoishi au mliowahi kuishi vijijini huku England, sio miji midogo, nasema kijiji chenyewe kabisa. Mke wangu amepata kazi kwenye nyumba ya kulea wazee huko Herefordshire, kijiji kiko ndani ndani upande wa mji wa Leominster, na mwajiri anataka aanze mapema. Sa hivi tuko Reading, tunapanga vyumba viwili kwa hela ambayo kule tumeonyeshwa nyumba nzima ya vyumba vitatu ina bustani mbele na nyuma, kwa hiyo mama watoto ameshahamia kimoyomoyo, mimi ndio bado nasitasita. Watoto wawili, mkubwa ana miaka 12 mdogo 6. Mimi nafanya kazi za ghala, leseni ya Tanzania ninayo ila nina zaidi ya mwaka hapa na mtihani wao sijafanya, gari hatuna.

Nilipoangalia ramani nimeona kanisa, ukumbi, pabu, kituo cha basi na duka moja, basi, hakuna kingine. Hospitali kubwa iko Hereford. Sasa naombeni mniambie maisha yanaendaje kule, usafiri, duka, shule, daktari, intaneti, joto la nyumba kwenye baridi, na watu wenyewe wanaipokeaje familia kama yetu. Ajenti anasema kila kitu kipo karibu lakini yeye anachotaka ni nyumba ipate mpangaji.

dereva_wa_shropshire

Mkuu karibu upande wetu, mimi niko mkoa wa jirani tu, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwa hiyo siku nzima niko kwenye hizo barabara za vijijini. Naanza na gari kwa sababu hilo ndilo litakaloamua kama mtakaa au mtarudi.

Leseni ya Tanzania au Kenya huku unaitumia miezi 12 tu tangu uwe mkazi, ikipita hapo huruhusiwi kuendesha nayo, sio kama wenzetu wa Afrika Kusini na Zimbabwe ambao wao wanabadilishiwa. Wewe muda umeshapita kwa hiyo unaanza moja, leseni ya mwanafunzi ukiomba mtandaoni ni pauni 34, mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62 siku za kazi. Nadharia ni maswali 50 na lazima upate 43, halafu kuna video za kutambua hatari, hizo ndizo zinazowaangusha wengi waliozoea kuendesha nyumbani, zifanyie mazoezi sana. Na nafasi za mtihani wa barabarani ni za kusubiri muda mrefu kwa hiyo omba leseni ya mwanafunzi leo, usingoje mpaka mhame. Ukifanyia gari la otomatiki utaruhusiwa otomatiki peke yake, ila kama unataka kupita haraka sio mbaya. Kabla hujafaulu unaruhusiwa kuendesha ukiwa na vibao vya L vya mwanafunzi na pembeni yako kakaa mtu wa miaka 21 kwenda juu mwenye leseni kamili miaka mitatu, na bima lazima iwe inakujua.

Kuhusu kituo cha basi, usidanganyike na alama kwenye ramani. Tafuta ratiba ya kituo hicho hicho uisome yote mpaka maandishi madogo ya chini. Vijiji vingi basi linapita mara chache kwa siku, la mwisho kutoka mjini ni jioni mapema, Jumapili hakuna, na mengine yanatembea siku za shule tu au siku ya soko tu. Nauli yenyewe haisumbui, tangu Januari 2025 safari moja haizidi pauni 3 kwenye mabasi mengi ya England, kabla ya hapo ilikuwa 2. Kinachosumbua ni saa. Mkeo zamu yake ikianza saa moja au saa mbili asubuhi na kuisha saa mbili usiku, hilo basi halimfai hata kidogo, kwa hiyo swali la kwanza kwa mwajiri ni kutoka hiyo nyumba mpaka kazini anatembea dakika ngapi na njia ina mahali pa watembea kwa miguu au ni barabara tupu.

Maana barabara zenyewe zikoje, nyembamba, magari mawili hayapishani, pande zote ua wa miti mrefu kuliko gari, matope ya trekta, kondoo wametoroka, kona huoni mbele, halafu kisheria kwa sehemu nyingi mwisho wa mwendo ni maili 60 kwa saa na wenyeji wanakimbia kweli. Taa za barabarani hakuna. Desemba jua linazama kwenye saa kumi jioni, kwa hiyo kama atatembea anunue fulana ya kung'aa na tochi, na atembee upande wa kulia akiangaliana na magari yanayokuja.

Mama_wa_Norfolk

Baba Neema shikamoo ya ugenini kwanza 🙂 Dereva kamaliza habari ya gari, mimi naongea habari ya nyumba kwa sababu hizi nyumba nzuri za kijijini zenye bustani mbele na nyuma zinakula hela usipoziuliza.

Muulize ajenti nyumba inapashwa joto na nini. Usikubali jibu la "ina boila", muulize boila inatumia nini. Gesi ya bomba haifiki vijiji vingi, utakuta nyuma ya nyumba kuna tangi kubwa la plastiki la kijani, humo ndani ni mafuta ya taa. Lori linakuja linajaza, na wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500, maana yake unatoa mamia ya pauni kwa mkupuo mmoja, huku mjini mmezoea kukatwa kidogo kidogo kila mwezi. Na ule ukomo wa bei ambao Ofgem, wasimamizi wa umeme na gesi, wanawawekea makampuni haugusi mafuta haya, bei inapanda na kushuka na dunia. Sisi tunanunua kipindi cha joto wakati wengine hawanunui. Halafu ulizia kijiji kama kina kikundi cha kununua mafuta, vijiji vingi wanavyo, mtu mmoja anakusanya oda za nyumba zote anapiga simu kwa wauzaji anapata bei nzuri kwa sababu lori linakuja mara moja linamaliza kijiji kizima.

Tangi lisikauke jamani. Likikauka hewa inaingia kwenye bomba na ule uchafu wa chini unavutwa, boila inazima na fundi ndio aje. Kwangu kipimo cha tangi huwa kinanasa kukiwa na barafu, kinaonyesha nusu wakati mafuta yameisha, kwa hiyo mume wangu ana fito ameichora mistari kwa kisu, anafungua kifuniko anaitumbukiza, anaitoa anaiangalia ilipolowa, ndio tunajua. Asubuhi ya baridi na harufu ya mafuta ya taa mkononi, hicho ndio kipindi cha Novemba mpaka Machi kwetu.

Kingine angalia ile herufi ya matumizi ya nishati kwenye cheti cha nyumba, ya kupangisha inatakiwa iwe kati ya A na E, zipo zilizosamehewa ila uliza kwa nini. Nyumba za mawe na matofali ya zamani zinashika unyevu, pitisha mkono nyuma ya kabati la nguo na kona za dari, ukihisi ubaridi wa maji hapo mtoto wa miaka 6 atakohoa mwaka mzima. Depoziti kwa kodi ya kawaida isizidi wiki tano za kodi, hiyo ni sheria ya 2019, na lazima iwekwe kwenye mfuko wa kuilinda ndani ya siku 30.

Na choo. Muulize kama maji machafu yanakwenda kwenye bomba la umma au kwenye tangi chini ya bustani. Kama ni tangi basi mafuta ya kupikia na vile vitambaa vya kufutia watoto visiingie kabisa, na kwenye mkataba iandikwe nani analipia kulinyonya.

Mwisho kwa upande wenu huko kuna mito, Lugg na Wye. Februari 2020 Wye ulifurika Hereford kuliko ilivyowahi kurekodiwa. Ingia kwenye tovuti ya serikali ya hatari ya mafuriko weka postikodi ya hiyo nyumba, ni bure, na angalia pia barabara ya kutokea maana nyumba inaweza kuwa juu kavu na barabara yote maji.

BabaNeema

Shikamooni wote, hapa tayari nimepata maswali ambayo hata sikuyawaza, tangi la choo ndio nalisikia leo. Nyumba iko karibu na kazi ya mama, kama nusu saa kwa mguu, ila njia sijaiona. Vipi kuhusu shule na matibabu? Na intaneti, maana mkubwa homuweki zote wanatumiwa mtandaoni na mimi ndugu zangu nyumbani naongea nao kwa WhatsApp kila siku.

msaidizi_darasani

Kaka mimi nafanya kazi shule ya msingi ya kijiji, nisikilize kwa hili. Usiogope udogo wa shule. Kwetu madarasa yamechanganywa, watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili wanakaa pamoja, mwalimu mkuu mwenyewe anafundisha na asubuhi anasimama getini anawataja watoto wote majina. Mtoto mgeni anajulikana siku hiyo hiyo. Nyingi ni za Kanisa la England, kuna ibada asubuhi, lakini wanapokea wa dini zote na mzazi ana haki ya kumtoa mtoto kwenye ibada. Mdogo wako kama yuko mwaka wa kwanza au wa pili chakula cha mchana ni bure kwa wote bila kuangalia kipato. Kitu cha kuuliza ni kama kuna uangalizi kabla na baada ya masomo, shule ndogo nyingi hazina, saa tisa na nusu mchana mtoto yuko getini na wewe uko ghalani, hapo ndipo familia nyingi zinapokwama.

Huyo wa miaka 12 ni sekondari, itakuwa mjini. Sheria iko hivi, kama shule inayofaa iliyo karibu zaidi na nyumbani iko zaidi ya maili 2 kwa mtoto chini ya miaka 8, au zaidi ya maili 3 kwa miaka 8 mpaka 16, kaunsili, yaani halmashauri, inatoa usafiri bure. Na hata kama ni karibu zaidi ya hapo, kama njia ya kutembea sio salama hata akiwa na mkubwa, bado wanatakiwa wamsafirishe. LAKINI ni shule iliyo karibu yenye nafasi, ukichagua ya mbali kwa kupenda mwenyewe usafiri ni juu yako. Kwa hiyo kabla ya kusaini nyumba piga simu kaunsili uulize hii postikodi watoto wake wanapelekwa shule ipi na nafasi ipo? Akifika 16 haki hiyo ya bure inaisha, hapo wazazi wengi wa vijijini wanaanza kuwa madereva wa watoto.

Daktari, kujiandikisha kwa GP, yaani daktari wa kawaida wa eneo lako, ni bure na hawatakiwi kukukatalia kwa sababu huna barua ya anwani. Zuri la vijijini ambalo watu wa mjini hawalijui, kama unakaa zaidi ya kilomita 1.6 kutoka duka la dawa, zahanati nyingi za vijijini zenye ruhusa zinakupa dawa hapo hapo, unatoka kwa daktari unachukua dirishani unaondoka. Bei ya dawa alizoandika daktari ni ile ile pauni 9.90 kwa kila dawa, watoto chini ya 16 bure. Meno ndio shida kubwa, daktari wa meno wa NHS, huduma ya afya ya serikali, anayepokea wagonjwa wapya ni wa kutafuta mno, kama huko Reading mnaye msijitoe mpaka mmepata mwingine.

nyaya_na_minara

Kwa intaneti usiulize kijiji, uliza NYUMBA. Kijiji kimoja nusu ina faiba ya haraka na nusu wako kwenye waya wa shaba wa zamani wanasubiri video ijipange. Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano, wana ukurasa wa kuangalia kwa postikodi halafu unachagua namba ya nyumba, inakuonyesha kasi na pia mtandao wa simu kwa kila kampuni, ndani ya nyumba na nje. Tangu Machi 2020 una haki ya kuomba kasi ya angalau 10 Mbps kama huna, ila gharama ya kukuunganisha ikizidi pauni 3,400 ya juu yake wanaweza kukudai wewe. Simu kukamata barabarani hakukuhakikishii kitandani, kuta za mawe zinaua mawimbi, washa ile ya kupiga simu kupitia waifai. Na ujue simu za mezani zinahamishiwa kwenye intaneti nchi nzima, kwa hiyo umeme ukikatika waifai imekufa na simu ya mezani imekufa, na kijijini umeme unakatika zaidi kuliko mjini kwa sababu nyaya zinapita juu kwenye miti. Dhoruba ya Arwen Novemba 2021 kuna nyumba za kaskazini zilikaa siku kadhaa gizani. Namba ya kuripoti umeme ni 105, bure. Pawabanki iwe na chaji, mishumaa, jiko la gesi dogo la kupigia kambi.

Nitawaambia kitu kimoja kinachonifurahisha katika kazi hii. Lancashire vijijini makampuni makubwa yalikuwa hayaleti faiba, mwaka 2011 wanakijiji wakaanzisha ya kwao inaitwa B4RN, wakulima wakaruhusu mashamba yao yachimbwe, wengine wakachimba wenyewe kwa mashine zao, leo wale watu kwenye mabonde ya kondoo wana gigabiti nzima ambayo kuna mitaa ya London haijapata.

nilirudi_leicester

Mimi nitasema upande mwingine na nisieleweke vibaya. Tulikaa kijijini kaskazini huko, kazi nzuri, nyumba nzuri, hewa safi, na tukarudi mjini. Hakuna aliyetutukana. Kilichotuchosha ni upweke. Unaingia dukani mazungumzo yanasimama sekunde moja halafu yanaendelea, kila siku, hawana ubaya ila unakisikia hicho kimya. Binti yangu alikuwa mweusi peke yake shule nzima, watoto wanamshika nywele, walimu walikuwa wazuri na walikemea lakini mtoto anachoka kuwa maelezo ya kila kitu. Msusi yuko mjini saa nzima kwa gari. Unga wa ugali, ndizi, dagaa, tunaagiza mtandaoni au tunajaza buti tukienda mjini. Msiba ukitokea nyumbani unakaa nao peke yako jikoni, hakuna wa kuja kukaa na wewe. Mke wangu usiku ule mama yake alipofariki... sitaki kuandika sana. Mkuu kama mnakwenda, nendeni mkiwa mmejua jumuiya ya watu wetu iliyo karibu iko wapi na mna gari la kufika huko wikiendi. Bila hivyo mtaumia.

Mama_wa_Norfolk

@nilirudi_leicester pole sana ndugu yangu. Uliyosema ni kweli na watu hawayasemi. Mwaka wetu wa kwanza nililia sana.

bustani_ya_bibi

Wanangu mimi niko kijijini Lincolnshire miaka mingi, watoto wangu wamekulia hapa, kwa hiyo naomba nami niseme kwa urefu kidogo. Pole kwanza kwa aliyefiwa mkwe mbali na nyumbani, hilo limenigusa.

Baba Neema kijiji cha Kiingereza ukikiangalia kwenye ramani unaona vitu vitano, lakini ile ramani haikuonyeshi vinaendeshwa na nani. Vinaendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wazee, na wako wachache, na wanatafuta mtu. Duka letu lilitaka kufungwa mwenyewe alipostaafu, wanakijiji wakachangishana wakanunua hisa wakalichukua, sa hivi kuna meneja mmoja wa mshahara na sisi wengine tunapangwa zamu. Maduka ya hivi England yako mamia. Mimi nasimama kaunta asubuhi, nakata jibini, napanga magazeti yenye majina ya watu kwa kalamu, na ndani kuna kidirisha cha posta ambapo unatuma vifurushi, unatoa hela na kuweka hela ya benki yako karibu yoyote, maana benki zenyewe mjini zimefunga moja baada ya nyingine. Ile kimya anayoisema mwenzetu ya kuingia dukani naijua, nilikuwa naikuta. Nilipokuwa mimi ndiye niliyesimama upande wa ndani wa kaunta iliisha, kwa sababu sasa wao ndio wanaingia wananikuta.

Simu ya zamani ya kibanda chekundu ipo, kampuni ya simu ya BT waliwapa vijiji wavichukue vile vibanda kwa pauni 1, wengine wameweka vitabu vya kuazimana, sisi tumeweka mashine ya kushtua moyo. Tafuta ya kwenu iko wapi siku ya kwanza, mtu akianguka unapiga 999 wanakuambia namba ya kufungulia kabati, maana ambulensi kutoka mjini haifiki kwa dakika mbili.

Kuna baraza la kijiji, parokia wanaita, mabaraza haya yapo kwa sheria tangu 1894, usichanganye na kanisa, hili ni la serikali za mitaa na kipande kidogo cha kodi yako ya kaunsili kinakwenda kwake. Linashughulika na makaburi, uwanja wa watoto, viti, ukumbi, kulalamikia mashimo barabarani. Vikao viko wazi kwa yeyote na ajenda inabandikwa kwenye ubao karibu na kanisa. Na wengi wetu hatujui, Watanzania na Wakenya ni Jumuiya ya Madola, ukiwa na kibali halali cha kuishi hapa UNAPIGA KURA, za kijiji, za kaunsili na za bunge. Jiandikisheni, ni bure, na inasaidia hata wakikukagua habari za mkopo. Mimi nilikwenda kikao kwa ajili ya taa moja tu kituo cha basi cha watoto wa sekondari, nikasimama nikasema Kiingereza changu hiki hiki, wakaandika, ilichukua muda lakini taa ipo.

Na shamba. Uliza kama baraza lina vishamba vya kukodi kwa mwaka, kimoja kamili ni kama mita za mraba 250, kodi yake ni ndogo. Kama hakuna, sheria ya 1908 inasema wapiga kura au walipa kodi sita wakiandika barua baraza lazima lilifikirie ombi. Mimi nina sukuma, spinachi, maharage, maboga nakula majani yake, kitunguu. Mahindi mabichi yanatoka ukiyaanzishia ndani Aprili na kuyahamisha nje barafu ikiisha, ya kukausha ndio hayawahi. Mzee wa kishamba cha jirani hakuwahi kunisalimia zaidi ya hali ya hewa, siku niliyompa majani ya maboga yamekwishapikwa na karanga akakaa kwenye ndoo akamaliza bakuli, kesho yake nakuta mbolea ya farasi imemwagwa kwenye tuta langu. Sasa hivi mbegu za maboga ananiomba yeye.

Pabu sio lazima unywe, mtu anaagiza soda na chakula, usiku wa mashindano ya maswali mnakaa meza moja. Nazo zinakufa, kwa hiyo mkisikia inauzwa mjue sheria ya 2011 inawapa wanakijiji nafasi, ikiwa imeorodheshwa mapema kama mali yenye manufaa kwa jamii, mauzo yanaweza kusimamishwa miezi sita wajichange.

Watakaokuja kwako kwanza ni wazee. Usiwasubiri vijana, vijana wako kazini mjini.

abu_suleiman

Asalaam aleikum. Naongezea kwa ndugu Waislamu wanaosoma. Msikiti kijijini hakuna, wa karibu uko mjini, Ijumaa panga na mwajiri mapema kwa maandishi. Nyama halali tunanunua kwa jumla mara moja na friza kubwa imejaa, usipange nyumba isiyo na nafasi ya friza. Ramadhani ikiangukia kiangazi magharibi ni karibu saa tatu na nusu usiku na alfajiri inakuja haraka mno, ila sasa inaelekea kwenye majira ya baridi ni nyepesi. Majirani zangu wa kikristo wamejua mwezi unapoanza, wanaleta tende.

Na msishtuke na milio. Kuna mashine za gesi mashambani zinazolipuka kufukuza ndege, na kuanzia Oktoba mosi mpaka Februari mosi watu wanawinda fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, kwa bunduki. Wiki ya kwanza mke wangu alilaza watoto chini.

BabaNeema

Wakuu nimesoma zote na mama watoto nimemsomea kwa sauti, nilipofika kwa bibi wa Lincolnshire akasema "umeona", nilipofika kwa ndugu wa Leicester akanyamaza muda mrefu. Tumekubaliana hivi, leseni ya mwanafunzi nimeshaiomba jana usiku, nyumba hatusaini mpaka tumeona kwa macho, na kaunsili nimewapigia kuhusu shule wamesema watanijibu kwa barua pepe. Ajenti nimemuuliza boila inatumia nini, akasema anaulizia. Ndugu wa Leicester nimekutumia ujumbe inboksi, naomba tuongee, hayo ya binti yako nataka niyasikie kabla sijampeleka wangu.

Tunataka kwenda kuangalia. Jumamosi inatufaa wote, mnaonaje?

dereva_wa_shropshire

Jumamosi kijiji kinapendeza mkuu, soko, watu wanatembea mbwa, utapenda. Nendeni siku ya kazi kama mnaweza, na muende kwa basi hilo hilo la ratiba kutoka Leominster, treni inafika hapo, ili mjue lilivyo. Mfike mchana, muangalie nyumba, halafu msiondoke, mkae mpaka giza liingie na mama aitembee ile nusu saa ya kwenda kazini na tochi wewe ukiwa naye. Akifika na kusema inawezekana, inawezekana. Kama basi la kurudi litakuwa limeshapita niandikie mapema nitawafuata niwarudishe stesheni, sio mbali na mzunguko wangu wa jioni.